Jozi ya Mwisho

Siku Wendell Kratochvil alipoahidi kunyamaza, shahidi alikuwa mmoja tu, na shahidi huyo hakuweza kusema. Darlene Stenerud alilala katika hospitali ndogo ya Vesterby, nusu ya uso imelegea, macho peke yake ndiyo yakiwafuata watu chumbani. Kiharusi kilimpiga Ijumaa akiwa anakanda unga. Sasa ilikuwa Jumapili baada ya ibada, theluji ya Machi ikitiririka madirishani, na mumewe Orville amekaa kando ya kitanda tangu juzi na shati lile lile.

"Unanuka zizi, Viazi," alisema Orville bila kugeuka.

"Nimeoga."

"Basi umeoga pamoja na ng'ombe."

Wendell aliweka mezani bakuli la viazi na nyama vilivyookwa, chakula wanachopelekewa wafiwa na wauguzaji kote nchini kwao, akavuta kiti. Yeye alikuwa Mkatoliki, mkulima wa viazisukari, ndiyo maana ya lile jina. Orville alikuwa Mlutheri, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya vijana wa wilaya kuchomelea vyuma. Wendell alikuwa wa chama cha Republican, ambacho watu huita Wekundu. Orville alikuwa Democrat, Bluu. Walikuwa wamekaa katika seneti ya jimbo miaka ishirini na miwili, mmoja upande huu wa ujia, mwingine upande ule, na katika miaka hiyo walikuwa wamepingana juu ya kila kitu, tangu kodi ya mafuta hadi namna ya kukaanga samaki. Walipingana kutwa, jioni wakala pamoja. Wendell hakumjua mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwita mpumbavu mara tatu kwa siku na bado akaja kumsaidia kuvuta trekta lililozama matopeni.

"Jumanne wanapiga kura ya ramani," Orville alisema.

"Najua. Ni ramani yetu."

"Siwezi kwenda, Wendell."

Orville akimwita kwa jina lake, mizaha ilikuwa imekwisha.

"Nani amekwambia uende? Kaa hapa. Tufunge jozi."

Jozi ilikuwa desturi ya zamani kuliko jengo lenyewe la seneti. Mwenzako wa upande wa pili akiuguliwa au akifiwa, mnapeana mkono: yeye hayupo, nawe, ingawa upo, hupigi kura. Kura moja huku na kura moja kule zinafutana, mizani inabaki ilivyokuwa. Haiandikwi popote. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu, hakuna faini, hakuna hakimu. Kuna mkono tu, na nyuma ya mkono kuna mtu. Zamani kikao kimoja kilifunga jozi ishirini. Mwaka ule, tangu Januari, haikufungwa hata moja.

Na kura ile haikuwa kura ya mchezo. Wekundu walikuwa wamechora upya mipaka ya uchaguzi, na walikuwa wameichora kama fundi akatavyo nguo ya mtu asiyempenda. Ikipita, wangeshika seneti miaka kumi. Viti vilikuwa arobaini na vinane: ishirini na nne vyao, ishirini na nne vya Bluu. Kwa sheria ya jimbo lile, kura zikilingana, muswada umekufa. Ndiyo kusema Bluu mmoja akikosekana, ramani inapita.

"Watakubana," Orville alisema. "Yule kijana wenu wa redioni atakubana mpaka utoe juisi."

"Nimebanwa na mashine ya kuvunia, mwalimu. Sikutoa juisi."

"Ulitoa machozi. Nilikuwepo."

Wakapeana mkono juu ya kitanda, juu ya blanketi la Darlene. Macho yake yalitazama mikono ile miwili, yakafumba, yakafumbuka.

"Amesema ndiyo," Orville alisema.

"Amesema kanyoe ndevu," alijibu Wendell.

Kilichokuwa chini ya utani ule hawakukitaja, maana hakikuhitaji kutajwa. Miaka tisa nyuma, mke wa Wendell, Rosalie, alipokuwa akifa kwa saratani ya ini, palikuwa na kura ya bajeti ambayo Bluu wangeshinda kwa kura moja. Orville alikaa kitini, akasema ana jozi na Seneta Kratochvil, akanyamaza. Chama chake kilishindwa. Kwa miezi sita wenzake hawakumpa hata kalamu. Na Wendell, wakati ule ule, alikuwa nyumbani akimlisha Rosalie vipande vya barafu kwa kijiko.

*

Jumanne asubuhi, saa tatu na nusu, Dexter Mohlman alimwita ofisini.

Mohlman alikuwa kiongozi wa Wekundu katika seneti. Alikuwa na miaka thelathini na sita na meno mazuri. Alitokea redioni, ambako kazi yake ilikuwa kukasirika kila siku tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na watu walimpenda kwa hilo, kwa kuwa alikasirika kwa niaba yao.

"Mzee Wendell, karibu, kaa."

"Nitasimama. Goti."

"Nimesikia jambo nikacheka. Nikawaambia, haiwezekani, yule ni mzee wetu."

"Ungeendelea kucheka tu."

"Umefunga jozi na Stenerud."

"Nimefunga."

"Juu ya ramani!"

"Juu ya Jumanne. Ramani ndiyo iliyoichagua Jumanne."

Mohlman akainuka, akafunga mlango polepole. Kabla haujafungwa, Wendell alimwona ujiani Brynn Aasgaard, mnadhimu wa Bluu, msichana mwenye nywele fupi ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu kura za wenzake na kunusa za wengine. Alikuwa amesimama na simu mkononi, akitazama mlango ule kama paka atazamavyo tundu.

"Hesabu nyepesi, mzee," alisema Mohlman. "Sisi ishirini na nne, wao ishirini na tatu. Miaka sitini jimbo hili halijapata siku kama hii. Mungu mwenyewe katupa."

"Mungu hampigi mwanamke kiharusi ili wewe upate ramani."

"Sawa, sawa. Pole kwa mama yule. Nimemtumia maua." Akakaa juu ya meza, miguu ikining'inia. "Lakini niambie, wao wangekufanyia hivi?"

"Walinifanyia. Rosalie alipokuwa anakufa."

"Hiyo zamani! Wale walikuwa watu wengine. Wakati ule mlikuwa wapinzani, mnakula pamoja, mnatembeleana. Sasa yule ni adui, mzee. Adui hapewi mkono. Ukimpa, anaondoka nao."

"Ni Orville, Dexter. Amewafundisha kaka zako kuchomelea."

"Na watoto wake wanafundishwa kutuchukia. Unaona?"

Wendell alitazama dirishani, ambako waandamanaji walikuwa wamekwisha kupangwa na polisi makundi mawili, hawa ngazi ya kushoto, hawa ya kulia, uzio wa chuma katikati, kila kundi likiimba ili lisisikie la pili.

"Mwezi wa sita kuna kura ya mchujo," alisema Mohlman, na sasa sauti ilikuwa laini, sauti ya daktari wa meno. "Kuna kijana kwenu huko, yule muuza matrekta. Amenipigia mara mbili anataka kiti chako. Nimemwambia ngoja, mzee wetu bado ana nguvu. Nikinyamaza tu, ataingia. Nawe utarudi nyumbani na jina moja: msaliti. Hata kanisani watahama benchi lako. Miaka ishirini na miwili, mzee. Utaimaliza hivyo?"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nisogezee kofia yangu, umeikalia."

Alitoka akiwa na kichwa juu, lakini lazima isemwe kweli: aliogopa. Alipenda kiti kile. Tangu Rosalie azikwe, nyumba yake ilikuwa na vyumba saba na kikombe kimoja kinachotumika. Seneti ndiyo iliyomwamsha, ikampa pa kuvaa tai, ikampa watu wa kugombana nao. Mwenye nyumba tupu huogopa kunyang'anywa kiti. Akaenda chumba cha makoti, akaketi kati ya makoti mabichi ya wenzake, na kwa robo saa nzima alikuwa mtu anayeweza kuvunja neno lake. Alilishika wazo hilo, akaligeuza, akaona lina uzito gani. Jimbo zima linafanya hivyo, nani atakumbuka? Bluu nao wangefanya. Orville mwenyewe angesema, basi, ndiyo siasa.

Kisha akaukumbuka mdomo wa Rosalie ukifunguka kupokea barafu. Alikuwa ameomba kijiko kimoja zaidi, akakipata, akacheka kidogo kwa baridi. Hapakuwa na kingine baada ya hapo. Kijiko kile, Wendell aliwaza, nilipewa na Orville.

Basi, yakaisha. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Alipangusa uso kwa kofia, na tangu hapo hadi jioni hakusita tena hata mara moja.

Saa nne na dakika ishirini simu yake ikalia. Jina kwenye kioo: Orville.

Akaitazama. Ikalia mpaka ikachoka.

Angeweza kupokea. Ingetosha kusema, "Kaa na mkeo, mjinga wewe," na dunia yao ndogo ingebaki nzima. Lakini Wendell alitoka katika watu wenye kiburi kigumu, watu wanaouziana ng'ombe arobaini kwa kupeana mkono langoni na kuona haya mtu akitoa karatasi. Kwao, aliyekupa mkono humrudii kumuuliza; ukimuuliza, umemtukana. Na ndivyo alivyoisikia simu ile: ananiuliza. Wamemwambia maneno, naye, baada ya miaka yote hii, ananiuliza. Tena alijua sauti yake bado ina mtetemo wa robo saa ile, na aliogopa Orville ausikie, audhanie wa mtu aliyekwisha kumsaliti.

Saa nne na dakika arobaini ikalia tena. Akaigeuza kifudifudi juu ya goti.

*

Kura ilianza saa nane kamili. Jukwaa la wageni lilikuwa limejaa, kofia nyekundu huku, skafu za bluu kule. Karani, mama mwenye miwani ya mnyororo aliyekuwa amesoma majina ya watu wale tangu wakiwa na nywele, akaanza kuita. Kila jina jibu moja, ndiyo au hapana, na kila jibu likapokelewa na nusu ya jukwaa kwa shangwe na nusu kwa kuzomea. Hakuna aliyeshangaza mtu. Zamani ungengoja kusikia seneta fulani ataamkaje leo; sasa ungeweza kumtuma kasuku.

"Kratochvil."

Akainuka, akishika meza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nina jozi na Seneta Stenerud, anayemuuguza mkewe. Angekuwepo, angesema hapana. Mimi ningesema ndiyo. Kwa hiyo sipigi kura."

Wengi wa vijana walikuwa hawajapata kuyasikia maneno yale. Mmoja alimuuliza jirani yake kama yanaruhusiwa. Kisha jukwaa likapasuka.

"Msaliti!"

"Kahamie kwao!"

"Mzee umelala, amka!"

Mohlman hakugeuka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akakikunja. Wendell akaketi. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo hakuwa ameihisi tangu mazishi. Amekwisha, kiti kimekwenda, lakini ndani ya kifua kila kitu kiko mahali pake. Akawaza atampigia Orville jioni, amtukane vizuri kwa zile simu mbili.

Karani aliendelea. Herufi zikapita. Alipofika kwenye S alisoma haraka, kama mtu anayepita nyumba isiyo na watu.

"Stenerud."

"Hapana!"

Sauti ilitoka mlangoni. Ukumbi mzima ukageuka. Orville alikuwa amesimama pale na koti la shambani, matope ya theluji hadi magotini, akihema kwa kupanda ngazi. Kidevu chake kilikuwa na ndevu za siku nne. Alisema tena, kwa nguvu, kana kwamba kuna anayemzuia:

"Stenerud anasema hapana!"

Upande wa Bluu wakasimama wote wakipiga makofi. Lakini Orville hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Wendell, kisha ubao wa kura, ambako mbele ya jina la Kratochvil hapakuwa na ndiyo wala hapana. Aliutazama ubao ule kama mtu aliyefika nyumbani akakuta ufunguo hauingii.

"Jozi imevunjwa!" Mohlman alipaza sauti. "Mheshimiwa, imevunjwa mbele ya macho yetu! Mzee Wendell, inuka! Piga kura yako! Matokeo hayajatangazwa, kanuni inakuruhusu, inuka!"

"Inuka! Inuka!" jukwaa likaitikia.

Hakuinuka. Hata angeinuka, kungekuwa na nini? Hapana zilikuwa ishirini na nne, ndiyo ishirini na tatu. Pamoja na kura yake zingekuwa ishirini na nne kwa ishirini na nne, na muswada umekufa. Na kama Orville angebaki Vesterby na Wendell akanyamaza, zingekuwa ishirini na tatu kwa ishirini na tatu, na muswada umekufa. Ramani ile ilikuwa imekufa tangu Jumapili, juu ya blanketi la Darlene. Maili mia na arobaini za barafu hazikuongeza wala kupunguza kitu.

Nyundo ya mwenyekiti ikagonga. Wendell akatoka kwa mlango wa nyuma, akamfuata Orville ujiani.

Alimkuta amezingirwa. Brynn Aasgaard alikuwa amemshika mabega, macho yakimetameta.

"Shujaa! Mzee wetu shujaa! Watu watalisimulia hili!"

"Alinyamaza," Orville alisema. "Wewe ulisema atapiga kura. Ulisema umemwona akiingia kwa Mohlman."

"Niliona kwa macho yangu, mzee. Walifunga mlango. Nawe si ulimpigia, hakupokea? Ungejuaje? Siku hizi mtu hakai akamngoja Mwekundu atimize ahadi. Ulifanya sawa."

"Lakini alinyamaza."

"Wamezuiwa na kuja kwako. Tuseme hivyo."

"Brynn, sikia. Alinyamaza kabla sijaingia."

Simu ya Orville ikalia. Aliipokea na akamgeuzia Brynn mgongo. Wendell, hatua tatu kutoka pale, alisikia sauti ya Karin, binti wa Orville na Darlene, si maneno bali sauti tu, nyembamba, ya kukatika.

"Saa ngapi?" aliuliza Orville.

Akasikiliza.

"Saa nane kasorobo," alirudia, kama anamsomea mtu. "Nilikuwa kwenye taa za barabarani. Pale ghala la nafaka. Zilikuwa nyekundu."

Nyuma ya kundi walikuwepo wasiojua, na hao waliendelea kupiga makofi. Mtu mmoja aliinua kamera. Brynn alijiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa kijana, wala hakuwa mbaya. Alikuwa tu hajapata kuona jozi ikifungwa.

Wendell akapita katikati yao.

"Nipe funguo zako, mwalimu, huendeshi leo. Twende kwa gari langu."

Orville akazitoa bila kuuliza, kama mtoto.

*

Barabara ya kaskazini ilikuwa imenyooka, mashamba meusi pande zote, theluji imebaki mifereji tu. Pikapu ilinuka mafuta na mbegu. Mvua ya barafu ilipiga kioo kwa maili sabini. Orville alikaa na mikono mapajani, viganja juu.

"Nilikupigia," alisema mwishoni.

"Niliona."

"Mara mbili."

"Niliona."

"Yule msichana alinipigia mara nne. Nikamwambia, binti, humjui Viazi. Akasema, basi mpigie umuulize. Nikakupigia." Akavitazama viganja vyake. "Nilimwambia Darlene naenda na kurudi. Alinishika kidole. Alikuwa na nguvu mkono wa kulia, unajua. Ilibidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja."

Wendell alishika usukani.

"Kwa nini hukupokea, Wendell?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: kiburi. Nilikuwa nimekwisha kuamua, nikaona unanidharau kwa kuuliza. Lilikuwepo mdomoni. Akaliona litakavyoingia kwa mwenzake na litakakokaa. Kama ni hivyo, basi Orville alimfungua mkewe vidole kwa sababu ya uvumi wa msichana na simu isiyopokewa. Basi alimwacha afe bila yeye, kwa bure kabisa. Kila asubuhi iliyobaki angeamka na hilo, angekunywa kahawa na hilo. Wendell alijua nyumba tupu ikoje. Alijua pia kinachoifanya ikalike: kwamba ulikuwepo. Yeye alikuwepo.

Kwa siku ile alikuwa amepoteza kiti, na chama, na pengine benchi la kanisa. Alibaki na kitu kimoja, kwamba alitimiza neno lake na mtu mmoja duniani anajua. Akakitazama kitu hicho kwa muda wa maili moja hivi.

"Nilikuwa nimekubali kupiga kura," alisema.

Orville akageuka.

"Ulitangaza jozi. Niliambiwa."

"Nilitangaza ili wenzako watulie, wasikutafute. Mwishoni kabisa, kabla matokeo hayajatangazwa, ningeinuka nibadilishe. Si umemsikia Mohlman? 'Kanuni inakuruhusu.' Ndivyo tulivyopanga." Uongo ulitoka laini, wenyewe, kama uliandaliwa na mtu mwingine. "Ulipoingia, haikuwa na maana tena."

"Alikupa nini?"

Hakuwa amefikiria bei. "Uenyekiti wa kamati ya barabara," alisema.

Ilikuwa kazi ambayo angeikataa hata kwa bunduki, na Orville alijua, maana walikuwa wameicheka kwa miaka. Labda ndiyo maana aliichagua. Kwa kuwa ndani kabisa, katika pembe moja ya moyo, Wendell alikuwa anaomba asiaminiwe. Aliomba yule mtu amtazame, apige dashibodi kwa kiganja, aseme: Viazi, wewe hata karata hujui kudanganya, nani alikufundisha uongo huu mbovu? Kama angesema hivyo, Wendell angelia, angesema kweli yote, na wangeibeba pamoja.

Ghala moja likapita, kisha jingine.

"Nilijua," Orville alisema.

Mabega yake yakashuka. Kitu kilichokuwa kimemkaza tangu ujiani kikaachia, akainama mpaka paji la uso likagusa dashibodi, na hapo ndipo alipomlilia mkewe, kwa sauti, kama mtu aliyepewa ruhusa.

"Basi ilinibidi kuja," alisema katikati ya kilio.

"Ilikubidi."

"Nisingekuja mngetumaliza."

"Tungewamaliza."

"Darlene angeelewa."

"Angeelewa, mwalimu."

"Usiniite hivyo." Akajifuta kwa mkono wa koti. Sauti yake ilikuwa imetulia, na katika utulivu ule Wendell aliisikia sauti ya Mohlman, na sauti ya Brynn, na ya lile jukwaa zima. "Mimi nilikaa kwa ajili yako. Rosalie alipokuwa anakufa. Nilikaa, Kratochvil, nikatemewa mate. Nanyi wote mko namna moja. Karin aliniambia miaka mingi, baba, wote wako namna moja, nami nikawa nakutetea mezani kwangu."

"Najua."

"Sema kitu basi."

"Sina."

Maili zilizobaki walizimaliza hivyo, Wendell akitazama barabara, Orville dirisha lake.

Walifika Vesterby saa kumi na moja kasorobo. Karin alikuwa anangoja mlangoni mwa hospitali, sweta amejifunga kiunoni, macho mekundu. Wendell akazima injini, akashika mlango wake.

"Usishuke," alisema Orville.

Akashuka peke yake. Karin akamkumbatia, kisha, juu ya bega la baba yake, akaangalia pikapu na kuuliza jambo. Orville akajibu kwa maneno machache. Wendell hakuyasikia, lakini aliuona uso wa yule binti ukibadilika, uso aliokuwa ameujua tangu ubatizo, ukijifunga kama duka. Wakaingia ndani. Mlango wa kioo ukateleza nyuma yao.

Alibaki pale, kofia mapajani. Alitaka kumwona Darlene. Alikuwa na haki kidogo, aliwaza. Alikula mezani kwake Krismasi tisa tangu awe mjane. Barafu ilianza kujikusanya kwenye kioo, akawa haoni vizuri taa za ndani.

Mtu akagonga dirisha. Alikuwa muuguzi, koti limetupwa mabegani juu ya sare.

"Samahani, baba. Wewe ni wa familia ya Stenerud?"

Wendell akashusha kioo.

"Hapana," alisema. "Nilimpa lifti tu."

"Basi tuondolee gari mlangoni, tafadhali. Kuna mgonjwa analetwa."

"Naondoa, mama," alisema, na akawasha injini.